Kanyumba ka zamani Milimani Nakuru: uliza makaratasi kwanza, rangi baadaye

Ukisema Milimani watu wanafikiria majumba ya geti ya stima na mbwa watatu, lakini panda pole pole kuelekea juu upande wa Menengai utaona katikati ya hayo majumba kuna tunyumba twa kitambo, vyumba viwili au vitatu, mabati yameshika kutu, kiwanja kikubwa na mti wa avokado nyuma. Hizo ndizo za kutafuta kama mfuko wako ni wa bei ya chini, wa Lanet, lakini roho imekataa kutoka Milimani. Mimi na mzee wangu tulitafuta miezi kumi na moja, na tulipoteza pesa mahali ambapo hatukufaa kupoteza, ndio nikaamua kuandika.

Mabroka wako wengi na kila mmoja atakuambia nyumba ni yake peke yake. Usilipe pesa ya kuonyeshwa. Sisi yetu tuliipata kwa soja wa jirani, tulikuwa tunapita jioni jioni tunasalimia, siku moja akatuambia mama wa hapo anataka kurudi ushago. Masoja na mama mboga wanajua nani anahama kabla hata watoto wake hawajajua.

Sasa elewa kitu kimoja, kwa hizi nyumba unalipia ardhi na mahali, kuta ni nyongeza tu. Muuzaji akianza kukuonyesha taili mpya za jikoni mwambie ni nzuri, halafu uliza taito, ile hati ya umiliki, iko wapi na iko kwa jina la nani. Hapa ndipo sisi tulianguka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyefariki, watoto watatu wakatupokea na chai, tukalipa wakili, tukalipa savea, kumbe taito bado ni ya marehemu na kuna dada yao wa nne hakuwa hata anajua nyumba inauzwa! Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla korti haijathibitisha granti, ile karatasi ya kusimamia mali ya marehemu, kwa hivyo usikubali ile "tunamalizia tu mwezi ujao", wamalize kwanza ndio mkae chini. Na kama mwenye nyumba yuko hai na ameoa au ameolewa, mwenzake lazima akubali kwa maandishi.

Kitu kingine watu hawaangalii ni miaka ya lisi, yaani muda uliopewa kukaa na ardhi. Ploti nyingi za mjini si za milele, ni lisi, na nyumba ikiwa ya zamani lisi pia imezeeka. Piga hesabu mwenyewe: lisi ya miaka 99 iliyoanza 1950 inaisha 2049, benki ikiona hivyo mkopo unakuwa shida. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa Mkenya nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi lisi ikiisha, ila tu kama serikali haiihitaji kwa matumizi ya umma, lakini hiyo ni safari na gharama, so omba upunguziwe bei sasa hivi kwa sababu hiyo. Fanya sachi, yaani kukagua rekodi za ploti, kwa ofisi ya ardhi wewe na wakili wako, usiletewe fotokopi. Uliza pia deni la reti, ile kodi ya ploti ya kaunti, kuna nyumba zimekaa miaka bila kulipa na bila cheti cha kumaliza deni hamtaenda popote.

Karatasi zikiwa sawa ndio uingie ndani, na uende siku ya mvua. Aprili ni mwezi mzuri wa kununua nyumba Nakuru, paa haiwezi kukudanganya. Udongo wetu wa majivu ya volkano unabebwa na maji haraka, kwa hivyo zunguka nje uone kama msingi umeachwa uchi. Ufa mwembamba kama unywele kwa plasta usikutishe, ule unaopanda kama ngazi kwenye mawe ndio wa kuita injinia. Paa ikiwa ya asbestosi usimwambie fundi apande na nyundo, ile vumbi ni sumu ya mapafu na kuitoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Fungua boksi la stima, ukikuta waya zilizovishwa raba na raba yenyewe imekauka, ujue ni kubadilisha waya za nyumba nzima. Maji je? Mabomba ya chuma ya zamani huoza kwa ndani, fungua mifereji miwili pamoja uone kama moja inakufa. Kama ni ya kisima pima floridi, si mnajua meno ya kahawia ya Nakuru.

Upande wa pesa, tuseme mmekubaliana milioni 8. Kwa kawaida unaweka asilimia 10, yaani laki 8, kwa akaunti ya wakili na si kwa simu ya mtu, halafu mnapeana kama siku 90 kumaliza. Stampu, ile kodi ya kuhamisha ardhi, ni asilimia 4 mjini, hapo ni 320,000, na inahesabiwa kwa thamani ya valua wa serikali akiona bei yenu ni ya chini. Muuzaji akitaka muandike bei ndogo kwa mkataba ili akwepe ile kodi yake ya faida ya asilimia 15 kataa, siku mkienda korti unadai ile iliyoandikwa. Na tafuta wakili wako, huyo wa kugawana na muuzaji ni wa muuzaji.

Ukishaingia utaanza kuota kuongeza chumba nyuma maana kiwanja kipo. Peleka plani kaunti kwanza, lakini hata kabla ya hapo kaa mvua moja ndefu yote uone maji ya jirani wa juu yanapitia wapi. Sisi yalipita pale pale tulikuwa tumechora chumba cha watoto.