Somo: Jinsi ya kuisoma Ethica ya Spinoza bila kukwama ukurasa wa kwanza

Mara tatu nilikifungua kitabu hiki, na mara tatu nikakifunga nilipofika fasili ya tatu. Spinoza, mwanafalsafa wa karne ya 17, alikipanga kama kitabu cha jometri: fasili, misingi isiyohitaji kuthibitishwa, halafu kauli moja juu ya nyingine. Sehemu ya kwanza tu, inayomhusu Mungu, ina fasili 8, misingi 7 na kauli 36. Ukizianza fasili hujui zinakupeleka wapi, ni kama kumwagiwa vipuri mezani bila kuoneshwa mashine.

Mwenyewe alizaliwa Amsterdam mwaka 1632, katika jamii ya Wayahudi wenye asili ya Ureno. Mwaka 1656, akiwa na miaka 23, jamii hiyo ilimtenga kwa laana. Aliishi kwa kusugua lenzi, akafia The Hague Februari 1677. Ethica ilichapishwa mwaka huohuo, yeye keshazikwa.

Hatua ya 1: Anza na kiambatisho

Mwishoni mwa sehemu ya kwanza Spinoza anaiweka jometri kando na kuongea kama mtu aliyechoka kuvumilia. Jiwe limeanguka kutoka paani, limemuua mpita njia. Watu wanasema lilitumwa. Unawajibu: upepo ulivuma, naye alikuwa akipita. Mbona ulivuma saa ile? Bahari ilianza kuchafuka jana yake. Mbona alipita saa ile? Alialikwa na rafiki. Wataendelea kukuuliza hivyo mpaka ukimbilie mapenzi ya Mungu, ambayo Spinoza anayaita kimbilio la ujinga.

Msibani kwetu tunasema "kazi ya Mungu haina makosa". Yeye asingebisha kwamba haina makosa. Angebisha kwamba ni kazi, yaani kwamba kuna aliyeikusudia. Ukishalijua hilo, unajua kauli zote 36 zinaelekea wapi.

Hatua ya 2: Shika maneno matatu

Aliyepita madrasa hatashtushwa na *dhati* na *sifa*, ila asidhani zina maana ileile ya darasani. Dhati ni kile kilichopo kwa chenyewe na kueleweka kwa chenyewe, hakiegemei kingine. Sifa ni kile ambacho akili inakiona kuwa ndicho asili ya hiyo dhati. *Hali* ni kitu kilichomo ndani ya kingine na kinachoeleweka kupitia hicho kingine.

Chukua kanga, ikunje. Mkunjo upo kweli, unaugusa, unaupiga pasi. Lakini huwezi kumpa jirani mkunjo ukabaki na kanga yako. Mimi, wewe na mwembe wa uani, kwa Spinoza, tu mikunjo. Mfano una kasoro, maana kanga imetoka kiwandani na dhati haina kiwanda. Utumie hapa tu, kisha uuache.

Hatua ya 3: Ruka hadi kauli ya 5, halafu ya 11 na ya 14

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Kauli ya 5 inasema dhati mbili haziwezi kuwa na sifa ileile. Kwa nini? Vitu viwili hutofautishwa kwa sifa au kwa hali. Hali huja baada ya dhati, kwa hiyo ziweke kando. Zinabaki sifa. Zikiwa ni zilezile, umebakiwa na kipi cha kukuonesha kwamba vitu ni viwili? Hakuna.

Mungu, kwa fasili ya 6, ana sifa zisizo na kikomo. Sisi tunazijua mbili tu: kufikiri na kuchukua nafasi. Kauli ya 11 inasema yupo kwa lazima. Sasa leta dhati ya pili. Sifa yoyote utakayoipa, Mungu anayo tayari, na kauli ya 5 imekwisha kukataza. Basi dhati ni moja tu, na hiyo ndiyo kauli ya 14.

Hatua ya 4: Soma kauli ya 29, pumzika

Hakuna kinachotokea kwa bahati, na hakuna ambacho kingeweza kuwa vingine. Usiipite kwa haraka hata kama inakuudhi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, tofauti yake na Descartes ni ipi hasa?*

Kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyemtangulia, akili na mwili ni dhati mbili, kisha anahangaika kuziunganisha. Kwa Spinoza ni kitu kimoja kinachoonekana kwa sifa mbili. Jino likikuuma, mshipa hausukumi fikra wala fikra haisukumi mshipa.

*Mwalimu, kauli ya 5 mbona ina tundu? A iwe na sifa 1 na 2, B iwe na 2 na 3. Zimechangia moja na bado ni mbili.*

Umepagusa penyewe. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyemtembelea Spinoza The Hague mwaka 1676, aliandika pingamizi hilohilo alipoisoma Ethica. Wapo wanaomtetea kwa kusema kila sifa inajitosheleza katika kuonesha asili ya dhati, kwa hiyo sifa moja ingetosha kuitambulisha. Mimi naona utetezi huo unamkopesha Spinoza kitu ambacho hajakithibitisha bado.

*Kama kila kitu ni lazima, mwizi tunamfunga kwa nini?*

Aliulizwa karibu hivyo. Akamjibu Henry Oldenburg, rafiki waliyeandikiana barua, kwamba anayepata kichaa kwa kung'atwa na mbwa hana lawama, lakini watu wana haki ya kumzuia, hata kwa kumuua. Jibu kali, lakini halijipingi.

*Samahani mkuu, huyu si anasema yale ya masufi, wahdatul wujud, yaani umoja wa kuwepo?*

Kwa mbali wanafanana. Ila sufi ni mpenzi anayengoja kupendwa. Nenda sehemu ya tano, kauli ya 19: ampendaye Mungu hawezi kujitahidi ili Mungu naye ampende.