Jinsi ya Kuchora Mpanda Farasi wa Kandinsky Ukiwa Bagamoyo

Mwaka 1903 Wassily Kandinsky, Mrusi aliyehamia Munich mwaka 1896 kujifunza uchoraji, alichora mtu mwenye joho la buluu akikimbiza farasi mweupe kwenye mteremko wa majani. Mwaka 1911 yeye na Franz Marc walianzisha kundi la Der Blaue Reiter, yaani Mpanda Farasi wa Buluu, na picha ile nayo hujulikana kwa jina hilo. Kwa anayejifunza uchoraji Bagamoyo, kuiiga picha hiyo ni zoezi zuri, kwa sababu mpanda farasi ni mdogo na sura yake haionekani; kinachobeba mwendo ni uwanja anaoupita.

Kwa hiyo usianze na farasi. Chukua kipande cha plaiwudi kinachokaribia mraba, kipake rangi nyeupe ya maji, na kikishakauka chora kwa penseli mstari mmoja tu, ule wa mteremko, juu kidogo ya katikati. Juu ya mstari weka msitu na anga kwa haraka.

Chini yake ndipo penye kazi. Kandinsky hakulaza rangi moja ya kijani. Alipiga mikupuo ya brashi, mifupi na minene, ya kijani na njano, na vivuli akavipa buluu badala ya nyeusi. Kabla ya kumwiga, nenda ufukweni yapata saa kumi na moja jioni, jua linapokuwa nyuma ya mji na vivuli vya minazi vimelala kuelekea baharini, ukatazame kivuli kinapoangukia majani: pembeni kina ukijani, katikati kinaelekea buluu. Changanya rangi ukiwa palepale. Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka upesi kwa upepo wa pwani, hivyo toa kidogo kidogo. Rangi ya mafuta inakupa nafasi ya kurekebisha, nami naipendelea.

Uwanja ukishakaa sawa, mweke farasi kwa mikupuo michache ya nyeupe, na joho kwa buluu iliyokolea kuliko ile ya vivuli. Farasi hapa mjini ni nadra, jambo ambalo si hasara, maana anayemjua sana hushawishika kuchora kwato na hatamu. Rudi nyuma hatua kadhaa. Ikiwa jicho linamwona mpanda farasi kabla ya mteremko, punguza ukubwa wake, na kama bado amesimama tu, ongeza mikupuo ya mlazo kwenye majani yaliyo nyuma yake, bila kuigusa miguu ya farasi.