Jinsi ya kukagua saini ya Muhammad Ali kabla ya kutoa hela

Kwa wanaokusanya vitu vya watu maarufu, saini ya Muhammad Ali ni miongoni mwa zinazoghushiwa kupita kiasi. Ali alikuwa mkarimu wa kalamu. Alisaini picha, glovu, vitabu, hata vijitabu vya dini alivyokuwa akigawa mwenyewe, kwa hiyo anayekuletea moja leo huwezi kumwambia papo hapo kwamba haiwezekani.

Kwetu kuna chambo cha ziada. Alipigana na George Foreman Kinshasa Oktoba 30, 1974, na Februari 1980 alifika Dar es Salaam na Nairobi akiwa mjumbe wa Rais Carter, kutafuta uungwaji mkono wa kususia Olimpiki ya Moscow. Basi kila muuzaji ana mjomba aliyekuwepo uwanja wa ndege.

Mtiririko huu ndio ninaoufuata. Unafaa pia kwa saini za watu wengine maarufu, ila miaka na majina utabadilisha.

Hatua ya 1: Weka hadithi na cheti kando

Sikiliza habari za mjomba kwa adabu, kisha zisahau mpaka umalize kukagua. Cheti cha kuthibitisha saini nacho kigeuze kifudifudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI ilivunja mtandao mkubwa wa kughushi huko California, katika uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen. Wale jamaa walighushi saini pamoja na vyeti vyake, na kati ya vitu vilivyokamatwa ulikuwamo mpira wa besiboli wenye "saini" ya Mama Teresa. Anayeweza kuiga mkono wa mtu hashindwi kuchapa karatasi yenye nembo ya dhahabu.

Hatua ya 2: Kusanya saini za kulinganishia

Tafuta angalau kumi na mbili, tena za vipindi tofauti. Chukua kwenye kumbukumbu za minada mikubwa kama Heritage, RR Auction au Bonhams, ambazo huonyesha picha kubwa za vitu vilivyokwisha kuuzwa. Mikataba ya mapambano na barua ndiyo mifano bora, kwa sababu ina njia ya kueleweka kutoka mkononi mwake hadi mnadani. Usichukue mifano kwenye matangazo ya wauzaji wa mtandaoni. Utajikuta unapima feki kwa feki, na zote zitafanana vizuri kabisa.

Hatua ya 3: Linganisha miaka

Hapa ndipo feki nyingi huangukia, na huhitaji jicho la kitaalamu. Jina, kitu na kalamu lazima vikubaliane na wakati ambao muuzaji anadai.

Anza na jina. Hadi mapema 1964 alikuwa Cassius Clay. Machi mwaka huo akapewa jina la Muhammad Ali, na hakutaka tena kusikia lile la zamani. Februari 1967 bondia Ernie Terrell, aliyeng'ang'ania kumwita Clay, aliulizwa na Ali ulingoni "Jina langu nani?" huku akichapwa ngumi. Sasa chukua ile picha maarufu ya Ali akimfokea Sonny Liston aliyelala chini. Ilipigwa Mei 25, 1965. Ukiiona ina saini ya "Cassius Clay" na muuzaji anasema ilisainiwa wiki ile ya pambano, mshukuru uondoke.

Lakini usikimbilie kusema kila "Clay" ya namna hiyo ni feki. Miaka mingi baadaye, kwenye vikao vya kusaini kwa malipo, Ali alikubali kuandika jina la zamani, wakati mwingine majina yote mawili pamoja. Kwa hiyo saini inaweza kuwa halisi na maelezo ya muuzaji yakawa uongo, na bei inabadilika sana kati ya hali hizo mbili.

Kisha kalamu. Maka peni za Sharpie ziliingia sokoni 1964, hivyo "Clay" ya mwaka 1960, baada ya medali ya dhahabu ya Roma, haiwezi kuwa imeandikwa nayo. Saini za enzi hizo tarajia kuzikuta kwa kalamu ya bik au ya wino. Wino wa rangi ya fedha au dhahabu ni wa baadaye zaidi, na nyingi ya glovu zilizosainiwa unazoziona sokoni zinatokana na vikao vya kulipia baada ya yeye kustaafu. Glovu "iliyosainiwa Kinshasa" ni dai zito, na kazi ya kulithibitisha ni ya muuzaji.

Tarehe nayo inasema kitu. Ali mara nyingi aliandika tarehe kando ya saini, na Mmarekani huanza na mwezi. Ukikuta "30-10-74", siku ikiwa mbele kama tunavyoandika sisi, jiulize nani aliyeshika kalamu. Kinyume chake, tiketi au bango la Kinshasa lenye tarehe ya Septemba lisikutishe. Pambano lilipangwa kwanza Septemba 25, likaahirishwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini.

Hatua ya 4: Tazama mwendo wa mkono

Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10, kile cha masonara, pamoja na tochi. Geuza kitu juu chini ili jicho liache kusoma herufi na lianze kuona mistari tu.

Mtu anayesaini jina lake hafikirii. Kalamu inatua ikiwa tayari inatembea, na inapaa kabla mkono haujasimama, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mstari huchongoka. Mwenye kughushi anachora. Anatua, anasimama, anaanza. Mwisho wake ni butu, na mara nyingine una kidoti cha wino uliokusanyika. Tafuta pia sehemu ambapo kalamu imenyanyuliwa katikati ya mkunjo usiohitaji kunyanyuliwa, na viraka vya mstari uliorudiwa ili kurekebisha umbo.

Mimi huanza na ile "mm" ya Muhammad. Mkono wenye kasi huipitia bila kujali, matao yakatoka hayalingani. Anayeiga huyapanga. Umbo likifanana mno na mfano wako lakini mstari umezubaa, amini mstari.

Saini za uzeeni ndizo zinazotesa. Ali aligunduliwa na ugonjwa wa Parkinson 1984, na ugonjwa huo hubana maandishi, herufi zikawa ndogo na kusongamana. Mtetemo wa ugonjwa na mtetemo wa woga hutofautiana: wa ugonjwa hutembea na saini nzima, ilhali wa mwigaji huonekana pale penye kona ngumu na kupotea penye mstari mwepesi. Hata hivyo sithubutu kutoa hukumu ya saini ya miaka ya 1990 kwa kutazama picha ya simu pekee. Mpe shaka yako nafasi.

Hatua ya 5: Hakikisha ni wino kweli

Inua picha, iteremshie mwanga kwa upande. Bik huacha mfereji mdogo kwenye karatasi. Maka peni huonekana imelala juu ya picha, na pale mistari inapokatana rangi huzidi. Saini iliyochapwa hung'aa sawasawa na picha yenyewe, na chini ya kioo utaona vidoti vya rangi.

Kwa watu wengine maarufu ongeza maswali mawili. Je, ni mashine? Ofisi ya Rais Kennedy ilitumia mashine ya kusaini, na saini mbili zinazolaliana kabisa zikiwekwa moja juu ya nyingine ni dalili mbaya. Je, ni msaidizi? Neil Aspinall na Mal Evans, waliowahudumia wanamuziki wa Beatles, waliwasainia wengi kwa niaba yao.

Hatua ya 6: Kibandiko, kisha malipo

Namba zilizo kwenye vibandiko vya PSA, JSA au Beckett, kampuni za kukagua saini, ziingize kwenye tovuti za kampuni hizo wewe mwenyewe, si kupitia kiungo ulichotumiwa. Namba kuonekana kwenye tovuti hakutoshi, maana vibandiko huigwa kwa kutumia namba ya kitu kingine. Pakiwepo picha, linganisha saini iliyoko pale na iliyoko mkononi. Maelezo yakisema glovu na wewe umeshika picha, umekwisha kupata jibu.

Omba picha mpya za karibu, za mbele na nyuma, zenye karatasi ya tarehe ya leo pembeni. Usimtumie mtu usiyemjua hela za simu kabla ya kitu kufika. Lipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi, na mpate makubaliano ya maandishi kwamba kitu kitarudishwa kikikataliwa na wakaguzi. Kukituma Marekani na kurudi kunaweza kula wiki kadhaa, hivyo muda wa kurudisha uwe mrefu kuliko safari hiyo.