Kabla ya Kwenda Kusaka Historia ya Mtaa Katika Hifadhi za Nyaraka za Illinois

Ukifika kaunta ukasema "natafuta historia ya Chicago", mhifadhi nyaraka hana pa kukuanzishia. Nenda na swali moja lenye mahali na miaka: nani walikaa katika nyumba ile kati ya 1900 na 1915? Na mahali hapo pawe vile palivyokuwa wakati huo. Hapa ndipo wengi hupotezea siku nzima.

Anza na mipaka. Illinois ina kaunti 102, lakini hazikuzaliwa siku moja. DuPage ilimegwa kutoka Cook, kaunti yenye Chicago, mwaka 1839, kwa hiyo hati ya 1835 ya eneo hilo ilisajiliwa Cook, na kumbukumbu za mahakama na ardhi za Cook ziliteketea katika moto wa Chicago wa Oktoba 1871. Usikate tamaa: mauzo ya kwanza ya ardhi ya serikali yamo katika hifadhidata ya Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo, Springfield, nayo hutafutwa bure kwenye intaneti.

Halafu anwani. Nyumba za Chicago zilibadilishiwa namba Septemba 1909, na katikati ya jiji ikafuata 1911. Namba ya 1905 ukiitafuta kwa hesabu ya leo utaangukia nyumba nyingine kabisa, pengine mbali sana. Igeuze kwanza kwa orodha ya namba za zamani na mpya, kisha uende kwenye ramani za bima za Sanborn, yaani ramani za kampuni ya Sanborn zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, jengo kwa jengo. Hizo zina hazina, maana rangi huonyesha jengo limejengwa kwa nini: waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Ila nakala za mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo za kurasa) nyingi ni nyeusi na nyeupe, rangi zote zimepotea, kwa hiyo uliza kama kuna za rangi. Angalia pia vipande vilivyobandikwa juu ya karatasi: kampuni ilirekebisha ramani kwa kubandika, hivyo jengo unaloliona linaweza kuwa la miaka mingi baada ya tarehe iliyochapwa.

Jua mapengo mapema. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 huko Washington. Majina ya sensa hufungwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa 2022. Usajili wa vizazi na vifo ngazi ya jimbo ulianza kutumika mwaka 1916. Kabla ya hapo, ulizia kaunti.

Kitabu hutafutwa kwa jina lake, ila nyaraka hupangwa kwa mkusanyo, boksi na jalada. Soma mwongozo wa mkusanyo ukiwa nyumbani, nukuu namba, kisha andika barua pepe siku kadhaa kabla, maana maboksi mengine hutunzwa jengo jingine. Nyaraka nyingi za kaunti na miji zimegawanywa katika vyuo vikuu vya jimbo; za Cook na Chicago ziko Northeastern Illinois University.

Beba kitambulisho na penseli, kalamu ya wino haikubaliwi. Begi huachwa nje. Simu ya kupigia picha kwa kawaida huruhusiwa bila mwanga wa flashi, lakini uliza. Picha ya kwanza kwa kila jalada iwe ya lebo ya boksi na ya jalada lenyewe, ndipo ufuate kurasa kwa mpangilio wake, bila kuzichanganya.