Kuandika namba kamili kwa msingi wa hasi 2, na kuijua tabia yake kwa kuitazama

Msingi huu una tarakimu mbili tu, 0 na 1, lakini kila namba kamili, chanya au hasi, huandikika kwa namna moja pekee bila alama ya kutoa. Vittorio Grünwald alikwishaandika juu ya misingi hasi mwaka 1885. Thamani za nafasi kutoka kulia: 1, −2, 4, −8, 16, −32, na kuendelea.

1. Toa baki, kisha gawanya

Baki ni 0 au 1, basi. Namba ikiwa witiri, baki ni 1. Ikiwa shufwa, ni 0. Toa baki kwanza, ndipo ugawanye kwa −2. Rudia mpaka ufike 0. Kwa 13:

13 → baki 1, inabaki −6
−6 → baki 0, inabaki 3
3 → baki 1, inabaki −1
−1 → baki 1, inabaki 1
1 → baki 1, inabaki 0

Mstari wa −1 ndio unaonasa watu. Kwenye karatasi wengi huishia hapo. Kwenye programu, alama ya %, inayotafuta baki, hukuletea baki la −1. Lugha za programu C na Java hutoa baki lenye ishara ya namba inayogawanywa, lugha ya Python hutoa lenye ishara ya kigawanyo, kwa hiyo Python hukosea tangu hatua ya kwanza ya 13. C ni mbaya zaidi kwa sababu hukosea kimyakimya: 5 hutoka 101, sawasawa, nawe ukadhani kazi imekwisha.

Dawa ni moja kwa lugha zote tatu: baki likiwa hasi, liongezee 2, na jibu la kugawanya liongezee 1. Yote mawili! Ukirekebisha baki ukasahau jibu, katika C 13 itatoka 1101, yaani −8 + 4 + 1 = −3. Mimi situmii % kabisa hapa. Kuangalia witiri na shufwa kunatosha.

2. Soma mabaki kutoka chini kwenda juu

11101. Hakiki: 16 − 8 + 4 + 1 = 13.

3. Itazame namba

Hesabu tarakimu: idadi witiri, namba ni chanya; idadi shufwa, ni hasi. 11101 ina tano. −13 ni 110111, zipo sita. (Sifuri za mbele usizihesabu, na 0 yenyewe iache kando.)

Jumlisha tarakimu: jumla ikigawanyika kwa 3, namba nayo hugawanyika, maana −2 ikigawanywa kwa 3 huacha baki 1, na vipeo vyake vyote vivyo hivyo. Katika msingi wa −10 kipimo hichohicho hukagua 11.

Nafasi 8 hubeba kuanzia −170 hadi 85. Usitarajie pande mbili zilingane.

4. Kujumlisha

1 + 1 ni 110, hivyo vitabu vingine hukuambia ubebe 11. Usifanye hivyo. Jaribu 11 + 1, yaani −1 + 1: utabeba bila kikomo. Andika 0 ubebe −1. Safu inayofuata ni 1 − 1, umemaliza. Safu ikitoa 3, andika 1 ubebe −1. Ikitoa −1, andika 1 ubebe 1.