Mashine ya boti haivuti? Usianze na kabureta

"Fundi, inawaka vizuri, lakini haivuti." Hapa Mkokotoni kauli hii naisikia mno, zaidi kusi likishaanza na boti za Tumbatu zikivuka zimejaa watu na magunia. Wengi wanaponiletea mashine, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imeshafunguliwa diko zima likitazama, skrubu zimezungushwa bila kuhesabiwa, na ubovu wa mwanzo bado upo. Mashine iliyozeeka ina sababu nyingi za kupungua nguvu, na kabureta ni moja tu. Nitaeleza mpangilio ninaoufuata mimi kwa mashine za mchanganyiko wa mafuta na oili zenye silinda mbili, kama zile Yamaha Enduro za farasi 40. Naanza na vya bure, vya gharama vinafuata.

Hatua ya 1: Itoe baharini

Kwenye pipa la maji mashine haina mzigo, kwa hiyo haitakuonyesha ubovu wake. Pakia boti mzigo wake wa kawaida, toka, piga mafuta yote. Nenda upande mmoja kisha rudi, kwa sababu maji ya bamvua yakikusukuma utadhani mashine nzima, yakikupinga utaionea. Sikiliza jambo moja: resi, yaani kasi ya mashine inavyozunguka.

Resi ikipanda juu, mashine ikalia sauti nyembamba na boti isisogee, nguvu ipo ila inapotelea chini kwenye propela. Resi ikikataa kupanda na sauti ikabaki nzito, tatizo liko ndani ya mashine au chini ya boti. Ikianza vizuri halafu baada ya dakika chache ikalegea, fikiria mafuta au joto.

Hatua ya 2: Propela na chini ya boti

Hapa niliwahi kupoteza siku mbili za mtu. Nahodha mmoja aliniletea mashine, nikafungua kabureta, nikaosha, nikarudisha. Hakuna mabadiliko. Nikaifungua tena. Siku zote hizo boti yake haikuvua, na ubovu ulikuwa ndani ya propela.

Katikati ya propela nyingi kuna mpira ulioshindiliwa kati ya kitovu cha chuma kinachovaa shafti na mwili wenye mapanga. Kazi yake ni kuteleza propela ikigonga mwamba, gia zisivunjike. Ukizeeka unateleza hata bila kugonga, tena pale tu unapoongeza mafuta. Ukienda taratibu hutagundua kitu. Zima mashine, chomoa kamba ya usalama. Chukua msumari, chora mstari mmoja ulionyooka kuanzia kwenye kitovu cha ndani, upite juu ya mpira, mpaka kwenye mwili wa nje. Toka baharini, piga mafuta yote kwa dakika mbili tatu, rudi utazame. Mstari ukiwa umekatika, nusu huku na nusu kule, umeshapata jibu. Tangu siku ile sifungui kava la mashine kabla ya kuchora mstari huo.

Ukiwa hapo hapo, vua propela utazame kama mshipi wa nailoni umejizungusha nyuma yake. Unakata sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Pitisha na mkono chini ya boti: majani na magamba yaliyoota huko yanaweza kuitesa hata mashine mpya.

Hatua ya 3: Mafuta

Fungua skrubu ya kupumulia kwenye kifuniko cha tangi. Ikifungwa, hewa haiingii kujaza nafasi ya mafuta yanayotoka, na mashine inakufa njaa polepole. Kisha toka tena na mwenzako. Mashine ikianza kulegea, abinye mfululizo kipira cha mafuta, kile cha kupampia kwa mkono kwenye mpira unaotoka tangini. Nguvu ikirudi, pampu ya mafuta imechoka au mpira wa mafuta unavuta hewa mahali. Kipira kikinywea chenyewe kama kilichofyonzwa, kizuizi kiko kati yake na tangi.

Mimina mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa inayoonyesha ndani, yaache yatulie. Maji yatakaa chini, utayaona. Oili nayo ipimwe kwa chombo, isikadiriwe kwa jicho: kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400.

Mashine ikiwa imezimwa, zungusha mpini mpaka mwisho na umulike mdomo wa kabureta. Waya wa mafuta uliovutika hauufungui wote mlango wa kabureta. Hilo ni la kukaza tu.

Hatua ya 4: Plagi

Zitoe mara tu baada ya kukimbia kwa mafuta yote na kuzima pale pale. Ukiiacha mashine kwanza iungurume taratibu kwenye sailensa, rangi ya plagi itakudanganya. Ziweke kwa mpangilio wa silinda zake. Zote mbili za kahawia, endelea mbele. Moja kavu na nyingine imelowa mafuta, silinda iliyolowa haichomi. Badilishana plagi. Ubovu ukihama, ni plagi. Usipohama, kagua kofia ya plagi, waya na koili. Plagi inayong'aa kama imeoshwa ni dalili mbaya: maji ya chumvi yanaingia ndani, na mara nyingi yanapitia kwenye gasketi ya kichwa.

Hatua ya 5: Kompresheni

Kompresheni ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na kwa mashine kongwe kipimo hiki ndicho hakimu. Toa plagi zote mbili, gusisha ncha za nyaya zake na chuma cha bodi ya mashine ili cheche zisirukie mvuke wa petroli, fungua mafuta yote, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, vuta kamba mara tano au sita kwa nguvu ile ile. Andika. Hamia silinda ya pili.

Linganisha silinda hizo mbili. Tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, moja imechoka. Tuseme silinda ya juu umepata psi 120 na ya chini 85: hapo kabureta mpya ni pesa ya kutupa. Tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Ikipanda, ringi zimelika au zimeganda kwa masizi. Isipopanda, fungua kichwa utazame gasketi.

Ukishatengeneza, usiikabidhi mashine pale ufukweni. Rudi baharini na mzigo ule ule wa hatua ya kwanza, kwenda na kurudi, nahodha mwenyewe akishika mpini.