Ukijenga jirani na miembe ya Ujiji, anza na timazi

Mimi ni fundi uashi hapa Ujiji, na mwembe mmoja wa zamani niliuua mwenyewe. Nilikuwa nachimba msingi wa uzio, nikakuta mzizi mnene kama paja, nikaupiga shoka. Mwenye nyumba akanisifu kwa kasi. Haikupita miaka mitatu, upande ule wote ukakauka.

Wazee wanasema miembe hii ilioteshwa na watu wa misafara. Njia yao ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka huku kupitia Kwihara pale Tabora hadi Bagamoyo, iko tangu 2006 kwenye orodha ya awali ambayo Tanzania imewasilisha UNESCO. Bado si urithi wa dunia. Ila siku ikipimwa, hawataangalia njia peke yake; wataangalia na eneo kinga, yaani ardhi ya pembeni inayouzuia urithi usibanwe. Na pembeni ndiko viliko viwanja vyetu.

Kwa hiyo, kabla ya kuvuta kamba ya msingi, mtume kijana apande hadi ncha ya tawi refu kuliko yote upande wako, ateremshe timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni. Inapogusa chini, piga kigingi. Kutoka hapo ongeza hatua tatu za mtu mzima kwenda nje, maana mizizi hupita matawi. Ndani ya mstari huo usichimbe mtaro, usirundike kifusi kwenye shina, na usikoroge saruji: maji yake ni makali, yanaunguza mizizi.

Kiwanja kikibana, chimba mashimo ya nguzo tu, kwa mkono. Ukikuta mzizi unaozidi unene wa kifundo cha mkono, sogeza shimo, kisha mimina boriti ya zege juu, ipite hewani bila kuukandamiza. Nondo zitaongezeka, ndiyo. Mwambie tajiri mapema, si siku ya malipo.

Ukifukua shanga, vigae vya vyungu au pingu, weka sururu chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka taarifa itolewe. Anzia ofisi ya mtaa.

Kuna mama mmoja alilalamika kwamba uzio wake umepinda. Nikamjibu, kweli mama, umepinda mara mbili. Msimu wa embe hajalalamika tena. Zinaangukia ndani kwake.